Mifuko ya kutumia tena na tena, na kwenda sokoni bila kurudi na taka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeulizwa sana na majirani, ndugu, na watu tunaokutana gengeni wakiona nimekuja na kikapu. Mifano mingi ni ya Dar kwa sababu ndo ninakoishi, ila wa Tanga na Mwanza hamtapotea. Mimi sio mtaalamu wa mazingira, ni mtu wa kupika na kubana hela.

## Ya mwanzo kabisa

Mifuko ya plastiki si ilishapigwa marufuku? Sasa tunaongea nini tena?

Ilipigwa, tarehe 1 Juni 2019 kwa Tanzania Bara, na Zanzibar walitangulia miaka mingi kabla. Kilichopigwa marufuku ni mfuko wa kubebea, lile rambo lenye mikono, haijalishi jembamba au nene. Vifungashio havikuguswa vyote, yaani plastiki iliyofunga mkate, dawa, mbegu au bidhaa za kiwandani bado iko kihalali. Hapo ndo ujanja ulipopita, maana watu wakaanza kutumia vile vinailoni vyeupe visivyo na mikono kubebea nyanya na maandazi, na vile navyo vikitumika kama kibebeo ni kosa, NEMC (baraza la taifa la mazingira) walishasema hivo 2021 na bado ukienda gengeni jioni unavikuta.

Faini kwa mtu wa kawaida anayekutwa anatumia ni kuanzia elfu 30 hadi laki 2, au jela isiyozidi siku 7. Anayetengeneza au kuingiza nchini ndo anakutana na mamilioni, kuanzia milioni 20 mpaka bilioni moja. Ila swali la msingi sio sheria. Rambo liliondoka, tabia ya kutoka nyumbani mikono mitupu ikabaki, na sasa badala ya kupewa rambo la bure tunanunua mfuko mpya kila tukienda dukani. Taka zimebadilika sura tu.

Hii mifuko ya kitambaa wanayouza supamaketi na kwa mangi, si ni kitambaa?

Hapana! Hili ndo linawashangaza wengi. Ile inayoonekana kama kitambaa chenye vidoti vidoti ni plastiki, inaitwa polipropilini, nyuzi zake zimebanwa kwa joto bila kufumwa. Ukitaka kujua, choma kipande kidogo nje, kitayeyuka na kujikunja badala ya kuwa majivu kama pamba. Kwa hiyo ukiutupa mtaroni hauozi, unachanika vipande vipande na juani unakuwa unga unga.

Haimaanishi ni mibaya. Ukitumiwa mwaka mzima ni mfuko mzuri tu, mwepesi na unakunjika. Shida ni ile myembamba ambayo inakatika mkono kabla hujafika kituoni. Kiwango cha Tanzania ni gramu 70 kwa mita ya mraba, na mfuko unatakiwa uwe na maelezo ya aliyetengeneza. Huna mzani wa kupima gramu, sawa, lakini uinue juu kwenye mwanga, kama unaona vidole vyako vizuri upande wa pili achana nao.

Basi mfuko gani ndo bora kuliko yote?

Ule ulionao nyumbani tayari. Najua watu hawalipendi hili jibu, wanataka niwatajie wa kununua.

Kuna hesabu zilishafanywa Ulaya. Uingereza mwaka 2011 walikokotoa kwamba mfuko wa pamba inabidi utumike mara 131 ndo uwe na athari ndogo kwa hali ya hewa kuliko rambo jepesi linalotumika mara moja. Kwenda sokoni mara tatu kwa wiki, hiyo ni miezi kumi hivi, inawezekana kabisa. Denmark 2018 wakaja na kubwa kuliko, wakiangalia athari za kila aina, mfuko wa pamba mara 7,100, ambayo kwa mwendo uleule wa mara tatu ni miaka 45, yaani unamrithisha mjukuu. Pamba inakula maji na mbolea nyingi shambani, ndo sababu.

Ila usizichukue hizo namba mzima mzima. Hesabu zote mbili hazikuweka taka zinazozagaa mtaani na baharini, na Denmark taka zao wanazichoma kwenye mitambo na kupata umeme. Huku kwetu rambo lilikuwa linaishia mtaroni, mtaro unaziba, mvua ikinyesha mto Msimbazi hapa Dar unafurika na Jangwani hapapitiki, na lingine linaishia tumboni mwa mbuzi. Kwa hiyo rambo lilikuwa baya kwetu kuliko lilivyo baya Copenhagen. Ninachochukua kwenye hizo namba ni kimoja, kununua mifuko ya pamba kila ukiona yenye maandishi mazuri ni uharibifu uleule ukiwa umevaa suti.

Kama huna kabisa na lazima ununue, kikapu cha ukindu au cha milala kwa kazi ya sokoni, na kiroba kwa mizigo mizito. Kiroba ni plastiki ndiyo, lakini kinaweza kubeba viazi miaka mitatu. Mfuko wa kaki ni wa vitu vikavu na safari fupi, ukigusana na samaki au mchicha uliolowa umekwisha.

Sina hela ya kununua vikapu vya mapambo, naanzaje?

Usinunue kitu. Pekua chini ya sinki na nyuma ya mlango, mimi nilihesabu siku moja nikakuta mifuko 23, nilikuwa naendelea kununua mingine! Kama kweli hakuna, mfuko mtupu wa mchele wa kilo 25 ukikatwa juu na kushonwa mikono ni kiroba tayari, fundi cherehani wa mtaani anakushonea kwa hela ndogo, na khanga iliyochakaa inatoa vifuko vinne vya kuwekea maharage na karanga.

Alafu piga hesabu. Mfuko wa jero mara tatu kwa wiki ni 1,500, kwa mwaka ni 78,000. Hiyo ni hela ya mchele.

## Kukumbuka na kubeba

Mifuko ninayo mingi, tatizo nasahau kila siku.

Hapa ndo penye shughuli yenyewe na sio kwenye aina ya mfuko. Watu hawasahau simu kwa sababu inakaa mfukoni, basi na mfuko uukalishe pale unapopita. Mmoja mwepesi uliokunjwa unakaa ndani ya mkoba wa kazini siku zote, kwa sababu manunuzi mengi ya mjini ni ya ghafla, umeshuka kwenye daladala ukaona embe. Kikapu kikubwa kining'inie kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, kisifichwe stoo. Mwenye bodaboda auweke chini ya siti, mwenye gari kwenye buti.

Na muhimu kuliko yote, ukishashusha vitu jikoni usiuache mfuko jikoni. Urudishe mlangoni hapohapo. Mimi nilichukua kama miezi miwili kuzoea, na nikisahau najilazimisha kubeba mikononi. Siku niliyopanda ngazi za nyumbani na vitunguu kwenye mifuko ya suruali, nyanya kwenye kofia na mkungu mdogo wa ndizi chini ya kwapa, sijasahau tena.

Napanda daladala, kikapu kinasumbua watu.

Kweli, saa kumi na mbili jioni kikapu cha ukindu ni ugomvi. Tumia mfuko wa mikono mirefu unaokaa begani au begi la mgongoni, ukisimama unaligeuzia mbele tumboni. Vizito chini, nyanya na mayai juu, na ukipata siti weka magotini, sio pale kwenye njia ambapo konda atapita juu yake. Mayai mimi nabeba kwenye kopo gumu nimelijazia pumba za mpunga, bibi alikuwa anafanya hivo na sijaona njia bora.

Mimi ni mwanaume, watu watanicheka nikibeba kikapu.

Watakucheka siku mbili. Kama unaona tabu basi beba begi la mgongoni au kiroba, hakuna aliyewahi kumcheka mwanaume mwenye kiroba.

## Sokoni, gengeni, buchani

Nyama na samaki nabebea kwenye nini? Hapo si lazima nailoni?

Sio lazima. Nenda na bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana, au ndoo ndogo ile ya rangi au ya aiskrimu iliyooshwa vizuri. Wakati wa kupima mwambie muuza bucha aweke bakuli tupu kwenye mzani kwanza, arudishe kwenye sifuri, kama mzani wake ni ule wa mshale wa zamani apime nyama kwanza ndo aimimine kwenye bakuli. Usiache bakuli lako lipimwe pamoja na nyama, utakuwa umenunua plastiki kwa bei ya steki.

Soko la samaki la Feri ni rahisi zaidi maana nusu ya watu wanakuja na ndoo zao, na ukitoka mbali weka barafu chini. Kitu kimoja tu usikiuke, chombo cha nyama mbichi kikae peke yake, kisichanganywe na vya matunda au kachumbari hata kama umekiosha, wadudu wa nyama mbichi wakigusa kitu unachokula bila kupika utalala chooni. Kuhusu kusafisha, angalia sehemu ya usafi hapo chini.

Mangi anapima sukari na mafuta kwenye vinailoni, nitafanyaje?

Mafuta ndo rahisi, nenda na chupa yako, zamani kila mtoto alitumwa na chupa na hakuna aliyeona ajabu. Chupa iwe kavu kabisa ndani, tone la maji linaharibu mafuta. Sukari, unga na maharage peleka kopo au vile vifuko vya khanga nilivyosema. Ukienda duka lilelile kila siku, baada ya wiki mangi mwenyewe anaanza kukuuliza "kopo liko wapi leo".

Ila kuna kitu niseme ukweli, wanaopimiwa sukari ya mia tano wanapimiwa kwa sababu hela ni ya siku hiyo. Usije ukaenda kumhubiria mama wa watu anayenunua mafuta ya mia tatu kwamba anunue dumu la lita tano ili aokoe mazingira. Kwake ushauri wa maana ni chupa tu.

Kununua jumla kunapunguza taka au ni kujisumbua?

Kwa vikavu kunapunguza kweli. Mchele, maharage, unga, kilo 10 au 25 inakuja na mfuko mmoja badala ya vifuko ishirini, na huo mfuko unautumia tena. Mkichanga majirani watatu mnanunua gunia mnagawana.

Kwa vibichi ni kinyume. Nyanya ya sado ni ya bei nzuri mpaka siku ya nne unapotupa robo yake. Na chakula kinachotupwa ni jambo kubwa kuliko mfuko kilichobebewa, hilo watu wengi hawalijui, kwa sababu kile chakula kimelimwa, kimemwagiliwa, kimepanda lori kutoka Lushoto au Iringa, alafu kinaenda kuozea dampo la Pugu na kutoa gesi ya methani inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa. Kwa hiyo mtu mwenye kikapu kizuri cha Iringa ambaye kila Jumapili anamwaga mchicha uliooza, bado hajafanya kitu.

Vitu vichache vinavyosaidia: mchicha na majani yote usioshe mpaka unataka kupika, vifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo. Viazi na vitunguu visikae chombo kimoja, viazi vinachipua haraka. Ndizi mbivu zinaivisha jirani zake, kwa hiyo ziweke mbali, isipokuwa una parachichi gumu unataka liive, hapo yafunge pamoja kwenye mfuko wa kaki. Nyanya zinazoanza kulegea zipike zote siku hiyo uwe na rojo la siku tatu.

Muuzaji ananifungia tu kabla sijasema, nikikataa anachukia.

Tanguliza mfuko kabla ya salamu, yaani fika umeshaufungua, useme "shikamoo mama, niwekee humu humu". Ukisubiri mpaka amefunga umechelewa. Wengi hawachukii, vile vifuko wananunua kwa hela yao, ukija na chako unawapunguzia gharama, mama mmoja ninayenunua kwake huwa ananiongezea hoho moja kwa sababu hiyo. Akikataa kabisa, pokea usilete ugomvi, kakitumie tena.

Soda na maji je?

Soda ya chupa ya glasi inayorudishwa ndo mfuko wa kutumia tena wa upande wa vinywaji, tumekuwa nayo toka utoto, unaacha hela ya chupa au unaenda na chupa yako tupu. Ukiwa nyumbani hakuna sababu ya kununua ya plastiki. Maji, lile dumu kubwa la kubadilisha au maji ya kuchemsha na kuchuja, alafu chupa ya kutembea nayo. Chupa za plastiki zikikusanyika usizichome, zikae kwenye kiroba uwape wanaookota makopo, zile ni hela kwao wanauza kwa kilo.

## Usafi na matunzo

Nifue mara ngapi?

Wa kitambaa halisi kila wiki au mbili, kwa sabuni ya kawaida, uanike juani. Ule wa plastiki unaofanana na kitambaa fua kwa mkono na maji ya baridi, usiupige pasi utaganda kwenye pasi (nimejaribu, msiniulize), na uanike kivulini maana jua ndo linauua. Kiroba unamwagia maji ya sabuni unasugua kwa brashi. Kama maji ya samaki yamevuja, siku hiyohiyo, usisubiri kesho, harufu ya samaki haisamehe. Suuza kwanza na maji ya baridi, alafu ndimu au siki, alafu sabuni.

Kikapu changu cha ukindu kimeota ukungu.

Kilifungiwa kikiwa kimelowa. Kisugue na brashi kavu nje ya nyumba, kipanguse na siki, kianike mpaka kikauke kabisa ndani ya mshono. Dar na Tanga kwenye unyevu wa masika kining'inize, usikiweke sakafuni. Mkono ukikatika peleka kwa wasukaji, wanashona upya, au zungushia kamba ya katani.

Mifuko imechanika, au ninayo mingi kupita kiasi.

Iliyo mizima peleka gengeni, muuza genge atawapa wateja waliosahau. Iliyochanika ya pamba ni dekio. Viroba vilivyochoka jaza udongo panda mchicha au matembele. Usichome ile ya plastiki, moshi wake unaingia kwa jirani na kwako pia.

## Yenye utata

Taka za ndani nitaweka kwenye nini? Zamani nilikuwa nawekea rambo.

Swali zuri, maana hii ndo kazi ya pili ya rambo na watu waliikosa kweli. Tenga ndoo mbili. Ya maganda na mabaki ya chakula haihitaji mfuko kabisa, unaiosha tu, na mwenye kiwanja au ndoo kubwa anaweza kutengeneza mboji au kuwapa wafuga nguruwe na mbuzi. Ukishatoa maganda, taka zilizobaki ni kavu, zinakaa kwenye kiroba kimoja mpaka gari la taka lije. Harufu yote ilikuwa ya maganda.

Mfuko umeandikwa "unaoza", huo si ruhusa?

Maandishi ni rahisi kuchapa. Mifuko mingi ya namna hiyo ni plastiki iliyowekewa kemikali imeguke haraka, inabaki vipande vidogo visivyoonekana vizuri. Hata ile inayooza kweli, mingi inataka joto la mtambo wa mboji ambao mtaani kwako haupo. Na kisheria plastiki ya kubebea ni plastiki ya kubebea.

Nasafiri, nichunge nini?

Ukitua Tanzania na mfuko wa plastiki wa kubebea unatakiwa uuache uwanjani au mpakani. Kile kimfuko cha zipu cha vimiminika vya ndege kinaruhusiwa, ila utarajie kuondoka nacho. Ukivuka Namanga kwenda Kenya, wao walianza 28 Agosti 2017 na adhabu zao ni kali, sheria inataja hadi shilingi milioni nne za Kenya au jela miaka minne. Rwanda wana sheria toka 2008 na upekuzi wa mpakani sio wa mzaha, kwa hiyo viatu ulivyofunga kwenye rambo ndani ya begi vitoe kabla. Funga kwa khanga.

Naagiza vitu kwa simu vinaletwa na bodaboda, kila mara vinakuja na mifuko mipya. Nifanyeje?

Mwambie dukani wakati wa kuagiza, sio wakati boda yuko mlangoni. Duka moja ninaloagiza tulikubaliana boda anakuja na kreti, anashusha mlangoni, anarudi nalo. Duka lingine waligoma, wakasema mzigo bila mfuko wao hautoki, basi pale nakusanya mifuko yao kumi kumi namrudishia bodaboda wao, na mwezi uliopita ameniletea mchele kwenye mfuko ambao una doa la mafuta yangu mwenyewe.